Nguo zisipokauka kwa mzunguko mmoja, tazama bomba la draya

Nguo zikizunguka kwenye draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, mara mbili na bado zina unyevu, wengi husema mashine imechoka. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichoziba ni bomba la kutolea hewa nyuma yake, na bomba lililoziba ni hatari ya moto.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, hasa zilizotoka Kongo na Burundi, huanza maisha katika nyumba kuukuu za kupanga. Mjini Buffalo, kwa mfano, kuna mitaa mizima iliyojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, enzi ambazo nguo zilianikwa kambani huku kama zinavyoanikwa Bukavu au Kigoma. Draya zilikuja baadaye zikawekwa palipopatikana nafasi, besimenti au kwenye kabati la ukumbini, na bomba likapitishwa popote lilipoweza kupita.

Draya huvuta hewa ya chumbani, huipasha moto, huipitisha kwenye nguo kisha huisukuma nje ikiwa na mvuke. Kila taulo na kila kitenge huacha nyuzinyuzi. Kichujio hunasa sehemu yake tu. Zinazoponyoka hugandia ndani ya bomba, hasa kwenye kona, na nyingine hutua ndani ya mashine karibu na koili ya moto. Njia ikiziba, joto hubaki ndani. Nyuzinyuzi kavu za pamba hazihitaji cheche kubwa.

Mamlaka ya Zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kuwa kati ya 2008 na 2010 draya zilisababisha takriban mioto 2,900 kwa mwaka katika majengo ya makazi, vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Mwezi uliokuwa na mioto mingi zaidi ni Januari, wakati kila mtu ana masweta na mablanketi ya kukausha.

Sogea nyuma ya draya umulike kwa tochi. Ukikuta bomba jeupe la plastiki, au la foili jembamba lenye mikunjo kama akodiani, libadilishwe. Plastiki yenyewe huungua, na kila mkunjo ni mahali pa nyuzinyuzi kulala. Linalotakiwa ni bomba gumu la chuma, laini kwa ndani, lenye kipenyo cha inchi 4. Kanuni ya ujenzi wa makazi inayofuatwa na majimbo mengi huweka urefu usiozidi futi 35, isipokuwa mtengenezaji wa draya ameelekeza vingine, na kila kona ya digrii 90 hukata futi 5. Bomba lenye kona tatu basi limebakiwa na futi 20 tu. Katika nyumba kuukuu kona tatu ni jambo la kawaida.

Maungio yasifungwe kwa skrubu ndefu zinazochungulia ndani, kwa sababu hunasa nyuzinyuzi. Wavu wa kuzuia panya pale bomba linapotokea nje nao ni kosa: huziba upesi. Na kama bomba linaishia darini au chini ya sakafu, usiitumie hiyo draya mpaka lifikishwe nje.

Kichujio kisafishwe kila unapokausha. Karatasi za kulainishia nguo huacha utando usioonekana. Mwagia kichujio maji, na yakituama juu yake, kisugue kwa sabuni na brashi laini. Bomba lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa familia yenye watoto wengi mapema zaidi. Draya ikiwa ya umeme, chomoa plagi, tenganisha bomba, pitisha brashi ndefu, kisha fyonza mabaki. Ya gesi usiivute mwenyewe, maana unaweza kulegeza mpira wa gesi, muite fundi. Bomba lake likiziba, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inaweza kurudi ndani, kwa hiyo weka king'ora chake. Ukimaliza, washa draya utoke nje: kifuniko kinapaswa kuinuka na hewa isukume kiganja chako.

Jihadhari na fundi wa bei poa anayeunganisha waya kukwepa fyuzi ya joto iliyokatika. Fyuzi hiyo hukatika kwa sababu mashine imepata joto kupita kiasi. Akiikwepa, ameondoa ulinzi na kuacha tatizo palepale.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupikia visiingie kabisa. Hata vikifuliwa, mabaki ya mafuta huweza kujipasha moto ndani ya rundo la nguo baada ya mashine kuzimwa.

Mpangaji, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi pamoja na picha ya bomba, ubaki na nakala. Usiwashe draya ukiwa unatoka au unakwenda kulala.

Ukiona moshi ndani ya draya, usifungue mlango wake. Utaupa moto hewa. Toa watu, funga mlango wa chumba, piga 911 ukiwa nje. Anza kwa kutaja anwani, kisha sema neno “Swahili”: vituo vingi hupata mkalimani kwa simu.