Stempu ni Nauli Tu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Bahasha za Manowari za Ufaransa

Mwonyeshe mtu bahasha ya mwaka 1916 iliyotoka kwenye manowari ya Kifaransa, uone macho yake yanakwenda wapi. Yanakwenda pembe ya juu kulia. Akikuta patupu, anakurudishia. "Stempu iko wapi? Hii imebanduliwa, bwana." Nimeambiwa hivyo na watu wazima wenye albamu tatu nne nyumbani, na jibu langu halibadiliki: stempu ni nauli tu, habari iko kwenye muhuri. Karibu kila kosa ninalolisikia kuhusu bahasha hizi linaanzia hapo, mtu kutazama nauli na kumsahau abiria.

"Bahasha isiyo na stempu ni takataka"

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Ufaransa iliwaruhusu askari na mabaharia wake watume barua bila kulipa chochote. Aliyeandika aliweka herufi mbili juu ya bahasha, F.M., kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya msamaha wa ada kwa wanajeshi. Hakukuwa na stempu ya kubandika, kwa hiyo hakuna aliyeibandua. Hata kabla ya vita, tangu 1901, askari na mabaharia walipewa stempu zilizopigwa chapa ya F.M., kwa hesabu ya barua mbili kwa mwezi. Anayetaka barua ya tatu alitoa mfukoni mwake.

Kilichochukua nafasi ya stempu ni muhuri wa meli, na huo ndio wa kusogeza taa. Mara nyingi ni wa mviringo: MARINE FRANÇAISE, halafu SERVICE À LA MER, yaani utumishi baharini, na katikati nanga. Tazama nanga yenyewe. Muhuri uliopigwa na mtu mwenye haraka huacha upande mmoja mzito na mwingine umefifia, na wino ukiwa mwingi kitanzi cha juu kinajaa na kuwa doa. Mihuri miwili ya meli moja iliyochongwa miaka tofauti hailingani, na wakusanyaji wazoefu wanaweza kubishana jioni nzima juu ya ncha ya nanga. Mimi sijafika huko, lakini nawaelewa.

Aliyeupiga muhuri huo ni karani wa barua wa meli. Wafaransa humwita *vaguemestre*, neno walilolitoa kwa Wajerumani, ambako maana yake ilikuwa msimamizi wa magari ya mizigo. Ndiye anayefunga mifuko ya barua, anayeifuata bandarini, na anayegawa barua zinazoingia huku kila mtu akimtazama mikono. Hatuna sababu ya kuwacheka kwa neno la kuazima. Sisi wenyewe "manowari" tuliipokea kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza, tukaisokota mpaka ikawa yetu.

Wakati wa vita jina la meli mara nyingi lilifichwa, adui asijue nani yuko wapi. Ndiyo maana baadhi ya mihuri ina nanga bila jina, au namba badala ya jina. Hapo utageuza bahasha nyuma utafute anwani ya mtumaji, na barua ikiwa bado imo ndani utaisoma mstari kwa mstari. Basi usiloweke. Wengi wetu tulijifunza kukusanya stempu kwa kukata pembe ya bahasha na kuiweka kwenye bakuli la maji. Ukiifanyia hivyo bahasha ya baharia umebaki na nauli, na safari nzima umeitupa jalalani.

"Muhuri unasema meli ilikuwa wapi siku ile"

Unasema, lakini si peke yake. Kwenye bahasha ya manowari kwa kawaida kuna alama za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni muhuri wa tarehe wa posta, ule unaoiharibu stempu isitumike tena. Ya pili ni chapa ya meli: picha ya nembo, jina, pengine ramani ndogo ya safari. Chapa hii haina nguvu yoyote kiposta. Baharia anaweza kuipiga leo, kesho au mwezi ujao, hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi.

Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unaziruhusu manowari kupelekeana na nchi yao mifuko ya barua iliyofungwa, hata zikiwa kwenye bandari ya mwingine. Mfuko unapita tu, posta ya wenyeji haigusi kilichomo. Kwa hiyo bahasha inaweza kuwa imeandikwa meli ikiwa Bahari ya Hindi, ikaruka kwa ndege, ikapigwa muhuri wa tarehe Toulon, bandari ya kivita ya Ufaransa, siku kadhaa baadaye. Anayesoma "Toulon" akaandika kwenye albamu kwamba meli ilikuwa Toulon amedanganywa na haraka yake. Ndiyo maana pia utakuta stempu ya Ufaransa kwenye barua iliyotoka bandari ya kigeni, na hakuna kosa lolote hapo.

Linganisha alama zote mbili na historia ya meli. Zikipatana, vizuri. Zisipopatana, usikimbilie kusema ni ya kughushi. Jiulize kwanza mfuko ulipitia wapi.

"Stempu ya Ufaransa, muhuri wa Zanzibar: hii ni ya manowari"

Hii nimeisikia zaidi ya mara moja, na kila anayeisema anaamini ameokota dhahabu. Ukweli wake unapendeza zaidi. Kuanzia 1889 hadi 1904 Ufaransa ilikuwa na ofisi yake ya posta mjini Zanzibar, ingawa kisiwa hakikuwahi kuwa koloni lake, na tangu 1890 kilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwanzoni ofisi ilitumia stempu za Ufaransa zilivyo. Baadaye, kuanzia 1894, zikapigwa chapa ya thamani kwa anna, hela ya Kihindi iliyokuwa ikizunguka sokoni. Mfanyabiashara yeyote aliweza kuingia, akalipa, barua yake ikapakiwa kwenye meli ya kampuni ya Messageries Maritimes kuelekea Marseille. Yaani meli ya abiria na mizigo, yenye mkataba wa kubeba barua.

Meli hizo nazo zilikuwa na karani wa posta ndani na muhuri wake, na huo ndio unaowachanganya watu. Hesabu pembe. Muhuri wa pembe nane wenye neno LIGNE, herufi ya njia, na PAQ. FR. ni wa meli ya barua ya kiraia. Baharia wa kivita aliyekuwa mbali na kwao aliweza kupitisha barua yake humo kwa bei nafuu ya nyumbani, na hapo ndipo utaona maneno CORR. D'ARMÉES, barua za majeshi. Bahasha yenye maneno hayo na muhuri wa pembe nane imepita mikono ya pande mbili, ya jeshi na ya kampuni. Ukiipata, usiiuze kabla ya kulala juu yake usiku mmoja.

"*Jeanne d'Arc* ilistaafu 2010, kwa hiyo bahasha ya 2016 ni ya uongo"

Hili ndilo linaloleta ugomvi kuliko yote, maana anayelisema ana nusu ya ukweli mkononi.

Jina *Jeanne d'Arc* limebebwa na meli zaidi ya moja. Kwa mkusanyaji wa bahasha za karne ya 20, tatu ndizo muhimu. Kuna ile ya chuma kizito iliyoshushwa majini 1899. Kuna ya pili, meli ya kufundishia iliyoanza kazi 1931. Ya tatu, yenye uwanja wa helikopta nyuma, iliundwa kwa jina la *La Résolue* na ikapewa jina la *Jeanne d'Arc* mwaka 1964, ya pili ilipostaafu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowazungusha dunia maofisa wanafunzi wa Ufaransa mwaka baada ya mwaka hadi 2010, na ndiyo iliyoacha bahasha nyingi kupita kiasi. Kila bandari, chapa. Kila mwaka, chapa mpya. Ukiambiwa bahasha ya *Jeanne d'Arc* ya miaka ya 1980 ni adimu, tabasamu na uombe punguzo.

Meli ilipoondoka, jina lilibaki. Safari ya kila mwaka ya wanafunzi inaendelea na inaitwa Misheni ya Jeanne d'Arc, ila sasa hufanyika kwenye meli kubwa za helikopta kama *Mistral*, *Tonnerre* na *Dixmude*. Bahasha ya 2016 yenye jina hilo inaweza kuwa halali kabisa. Soma jina la pili kwenye chapa, lile dogo. Hiyo ndiyo meli.

Ile ya 1931 ndiyo ninayoipenda. Kuanzia 1940 ilikwama Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa upande ule wa Atlantiki, na haikutoka hadi 1943, Ufaransa yenyewe ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Fikiria baharia wa miaka ishirini na moja amekaa chini ya minazi, ana afya, ana chakula, na hajui kama barua yake itafika kwa mama. Barua za muda huo zinapita kwa wakaguzi, zinachelewa, zinarudi. Jina ni lilelile la bahasha za mapambo za 1985, lakini kitu ni kingine.

Mtego huo wa majina uko kila mahali katika jeshi la majini la Ufaransa. *Foch* ni meli ya zamani iliyozamishwa na pia ni meli ya kubeba ndege iliyouzwa Brazil mwaka 2000. *Surcouf* ni nyambizi iliyopotea Februari 1942 na watu wake wote, na pia ni meli ya miaka ya 1990. *Colbert* ya zamani ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Toulon, tarehe 27 Novemba 1942, isiangukie mikononi mwa Wajerumani. Bila mwaka, jina halijakwambia kitu.

"Hii ilikuwa na de Gaulle ndani"

Na hapo tunafika kwa *Colbert* iliyofuata, na kwa wauzaji wenye ulimi wa asali. Julai 1967 Jenerali de Gaulle, rais wa Ufaransa, alipanda *Colbert* bandarini Brest, akavuka Atlantiki, na tarehe 23 akashuka mjini Québec. Siku iliyofuata, Montréal, akatamka hadharani maneno ya "Québec huru", yaani jimbo hilo la Kanada linaloongea Kifaransa lijitenge, yakaikasirisha serikali ya Kanada. Bahasha za safari hiyo zina wanunuzi wa kweli na sababu ya kununuliwa.

Ila mambo yalivyochafuka, de Gaulle alikatiza ziara. Hakwenda Ottawa, mji mkuu wa Kanada, na tarehe 26 alirudi kwao kwa ndege. Muuzaji akikuletea bahasha ya *Colbert* ya mwisho wa Julai na kukwambia "Mzee alikuwa bado melini akirudi," mrudishie kwa heshima. Huenda bahasha ni halisi. Hadithi ndiyo ya kughushi, na mara nyingi ndiyo inayotozwa bei.

"Lazima uwe na mtu jeshini"

Hapana. Unahitaji Kifaransa cha adabu, bahasha yako yenye stempu ya Ufaransa na anwani yako, na subira. Unamwandikia karani wa barua wa meli, unaomba, unashukuru. Usiulize meli inakwenda wapi na lini. Usitume bahasha kumi, maana mtu huyo ana kazi yake na anakufanyia hisani. Zingine hazirudi.

Na usidhani lazima uitafute Ulaya. *Floréal* na *Nivôse* ziko La Réunion, jirani zetu wa bahari hii. Majina yao ni miezi ya kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, na *Nivôse* ni mwezi wa theluji, jina la ajabu kwa meli inayoishi kwenye joto letu. Ndiyo iliyowakamata washukiwa 11 wa uharamia Aprili 2009 na kuwaleta Mombasa. Bahasha ya *Nivôse* ya mwezi huo, hata ikiwa na chapa mbaya iliyopigwa upande, ningeibadilisha na *Jeanne d'Arc* kumi zenye rangi.

"Ileminetishe, itadumu"

Kwetu pwani chumvi na unyevu havina huruma. Karatasi inaota madoa ya kahawia, gundi ya stempu inalainika na kushika chochote kilicho karibu, mende naye anataka sehemu yake. Kwa hiyo mtu anafanya kile tunachofanyia cheti cha kuzaliwa. Nasema haya nikiwa na kosa mkononi. Bahasha yangu ya kwanza, ya *Jeanne d'Arc* ya miaka ya 1970, niliipeleka mwenyewe kuleminetishwa, nikalipa, nikatoka kifua mbele. Mashine ile inayeyusha plastiki kwa moto juu ya karatasi, na haitoki tena bila kuirarua. Selotepu nayo huacha mstari wa njano, na zile mifuko laini za plastiki zenye harufu kali hutoa kemikali zinazonyonya wino.

Kinachofaa ni mfuko wa poliesta au karatasi isiyo na asidi, kisanduku kilichosimamishwa wima mbali na ukuta wa nje, pakiti za kukausha unyevu kama zile zinazokuja na viatu, na kufungua mara kwa mara hewa ipite.

Ile ya kwanza ninayo bado. Ndani ya bahasha kuna kikaratasi kilichokunjwa, ukiishika juani unaona kivuli cha maandishi. Sitajua kamwe kimeandikwa nini.