Kaliba kubwa si nguvu kubwa

Nimeambiwa tena: "Mwalimu, nitafutie bunduki ya hewa ya .22, hiyo .177 ni ya watoto." Hizo ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Hapana, bwana. Kwa .177, yaani milimita 4.5, ndiyo hupigwa shabaha ya mita 10 kwenye Olimpiki, na alama ya kumi ya bunduki pale ni kitone cha nusu milimita.

Nguvu ya bunduki ya hewa hutoka kwenye springi na pistoni, au kwenye mtungi uliojazwa hewa. Tundu la mtutu huamua tu nguvu hiyo igawanywe vipi baina ya uzito na kasi. Mkono uleule ukirusha kokoto au nusu tofali, ni mkono uleule. Za mtungi zina lao: tundu pana huipa hewa nafasi kubwa ya kusukuma, na .22 huondoka na ziada ya kweli. Kwenye za springi ziada hiyo ni ndogo mno kubishania.

Tuchukue jouli 16 (jouli ni kipimo cha nguvu hiyo), nguvu ya bunduki nyingi za kawaida. Risasi ya .177 yenye gramu 0.54 hutoka kwa kasi ya mita 243 kwa sekunde. Ya .22 yenye gramu 1.03 hutoka kwa mita 176. Hadi kufika mita 30, ya kwanza imeshuka kama sentimita 9 kutoka mstari wa mtutu, ya pili kama 16. Hizo sentimita ndizo kaliba yenyewe, na ndizo wapenzi wa .22 wasizotaka kuzisikia! Mtu hurekebisha darubini yake kwa mita 25, anahamia kopo lililo mbali zaidi, anakosa, kisha anailaumu bunduki. Kosa ni la kukadiria umbali, na mchanga mweupe wa Pwani saa sita mchana hudanganya macho kweli kweli. Risasi inayoruka kwa mstari ulionyooka humsamehe mkadiriaji. Inayopinda haimsamehei, na mwanafunzi ndiye anayehitaji kusamehewa kuliko wote.

Basi sifa za .22 zimetoka wapi? Nyingi zimetoka kwa wawindaji wa sungura wa Uingereza, na kwao zina maana: risasi pana humaliza mnyama haraka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sisi tunapiga karatasi na makopo, na karatasi haijali imetobolewa na upana gani. Anayetaka .25 kwa ajili ya kunguru wa mtaani, naomba asahau. Risasi iliyomkosa ndege mnazini hushukia kwa jirani. Na kabla ya kaliba yoyote kuna cheti, maana sheria ya Kenya huihesabu bunduki ya hewa kuwa silaha.

Upepo ndio unaonipa shaka. Vitabu husema risasi nzito huupuuza. Nimepiga zote mbili Kaskazi na Kusi, na kwa nguvu sawa tofauti niliyoiona haitoshi kumfanya mtu abadilishe bunduki. Wala sijapata maelezo ya kuniridhisha kwa nini mitutu miwili ya kiwanda kimoja, kaliba moja, hazikubaliani juu ya risasi za kopo moja: mmoja hukusanya matundu yote mahali pamoja, mwingine huyatawanya karatasi nzima.

Kwa hiyo pesa unayotaka kuongeza upate kaliba kubwa, nunua makopo manne ya risasi za uzito tofauti, yafunike vizuri maana hewa ya bahari huitia risasi unga mweupe, na unawe mikono kila unapozishika. Piga tano tano za kila kopo kwa mita 25, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujaamka. Ukibadilisha kopo, piga risasi kumi za kwanza bila kuzihesabu, mtutu uizoee risasi mpya.