Mazombi Katika Jumba la Maduka: Filamu za Kutisha Hazikosi Hoja

Imeaminika kwa miaka mingi kwamba filamu za kutisha ni damu na mayowe tu, na kwamba anayetafuta fikra ndani yake anapoteza muda. Dawn of the Dead ya mwaka 1978, iliyoongozwa na George A. Romero, yatosha kuonyesha kwamba imani hiyo si sahihi.

Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilirekodiwa usiku, maduka yakiwa yamefungwa, ndani ya Monroeville Mall, jumba halisi la maduka karibu na Pittsburgh, Marekani. Wafu wanaotembea wanamiminika humo, na mhusika mmoja anaeleza kwamba wanavutwa na kumbukumbu ya mahali palipokuwa na maana kubwa maishani mwao. Wengi huishia hapo, wakidhani wanaokosolewa kwa tamaa ya bidhaa ni mazombi pekee, ilhali hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, imo kwa watu wanne walio hai. Hao wanaliteka jumba, wanavaa makoti ya manyoya, wanachukua hata fedha za benki ambazo hazinunui tena chochote, kisha wanachoka, kwa kuwa wamepata kila kitu na hawana la kufanya. Genge la waendesha pikipiki linapovamia kupora, Stephen, mmoja wa wale wanne, badala ya kubaki mafichoni, anafyatua risasi kulinda bidhaa ambazo hata yeye hakuzinunua. Uamuzi huo unamgharimu uhai, na akisha kuwa zombi, ni yeye anayewaongoza wafu wengine hadi kwenye mlango uliofichwa wa maficho ya wenzake.