Hita ya sola: jua husingiziwa mengi

"Maji hayapati moto, basi paneli imekufa." Kati ya lawama wanazoipa watu hita ya sola, hii ndiyo huongoza. Lakini paneli ya kawaida ni bamba jeusi, mabomba ya shaba na kioo. Hamna mengi ya kufa humo. Saa saba mchana, jua likiwaka, gusa kwa haraka bomba linalopandisha maji kutoka paneli kwenda tangini (angalia, linaunguza). Likiwa moto mno huku tangi ni baridi, paneli inafanya kazi yake. Maji ndiyo hayazunguki.

Kwenye mfumo usio na pampu, maji ya moto hupanda kwa sababu tu ni mepesi kuliko ya baridi, na msukumo huo ni mdogo sana. Bomba likipinda katikati na kufanya kijinundu, hewa hujikusanya pale na mzunguko husimama. Linyooshwe lipande mfululizo hadi tangini, kisha hewa itolewe. Nundu ya kimo cha vidole viwili inatosha kukuogesha maji baridi wiki nzima.

"Tangi ni la moto lakini bafuni yanatoka vuguvugu, kwa hiyo hita ni ndogo." Huenda, ila mimi huanza na mikso ya bafuni, yaani bomba linalochanganya maji ya moto na baridi. Ikichakaa ndani, maji baridi hupenya na kuingia kwenye bomba la moto, hata yale ya jikoni yakaharibika. Zima hita ya umeme iliyo tangini, funga koki ya maji baridi yanayoingia tangini, kisha fungua bomba la maji ya moto. Yakiendelea kutiririka bila kukoma, yanatoka upande wa baridi. Umempata mwizi bila kupanda juu ya paa.

"Kupoa usiku ni kawaida." Kupoa kidogo, ndiyo. Lakini ukigusa paneli saa tano usiku ukaikuta na uvuguvugu, joto la tangi linarudi nyuma na kupotelea angani. Bila pampu, kitako cha tangi kinatakiwa kiwe kama sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli. Penye pampu, shuku valvu ya kuzuia maji kurudi. Uchafu kidogo tu huiacha wazi.

"Pampu ikizunguka muda wote, joto huongezeka." Kinyume chake: jua likishazama, hiyo pampu inapoza tangi. Kidhibiti cha pampu hulinganisha joto la paneli na la chini ya tangi. Kwa kawaida pampu huwaka paneli ikizidi kwa nyuzi 6 hadi 10, na kuzima tofauti ikishuka kuwa 2 hadi 4. Ikiwaka na kuzima kila baada ya dakika, tanua pengo kati ya viwango hivyo viwili, cha kuwaka na cha kuzima. Ikigoma kabisa mchana, angalia kama sensa ya paneli (kipima joto chake) imechomoka mahali pake kabla ya kununua pampu mpya.

"Umeme uwashwe alfajiri ili kulisaidia jua." Tangi likishajaa moto asubuhi, jua halina cha kuongeza, nawe umeshalipia umeme. Weka taima iwashe jioni, na kwa upungufu tu.

Kushusha tangi hadi nyuzi 45 ili kuokoa umeme, nako siko: bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kati ya 20 na 45. Tangi lifikishwe 60, na valvu ya kuchanganya iyapunguze maji joto kabla hayajafika bombani ili yasimchome mtoto.

Na ile valvu ya usalama inayodondosha? Wengine huiziba kwa plagi. Usithubutu. Maji yakipata moto hutanuka, na matone machache wakati wa mchana huwa ni shinikizo linalotafuta pa kutokea. Ikidondosha hadi usiku tangi likiwa limetulia, hapo ndipo umwite fundi apime shinikizo la maji yanayoingia.