Mahitaji yanayochochewa: kwa nini foleni hurudi barabara ikishapanuliwa

Mahitaji yanayochochewa ni safari za magari zilizozaliwa na barabara yenyewe. Ni safari ambazo zisingefanyika kabisa, au zisingefanyika kwa gari binafsi, kwa saa ile na kwa njia ile, kama barabara isingepanuliwa. Wataalamu wa usafiri hutumia dhana hii kueleza jambo ambalo wakazi wa miji mikubwa wanalijua vizuri: barabara ya njia nne inafanywa ya njia nane, miezi michache watu wanafika kazini mapema, kisha foleni inarudi ikiwa na magari mengi kuliko mwanzo.

Hesabu ndogo inaonyesha foleni inarudije. Njia moja ya barabara kuu isiyo na taa wala makutano hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Chukua barabara yenye njia tatu za kuelekea mjini. Uwezo wake ni magari 6,000 kwa saa. Ikiwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi yanafika magari 7,000, saa mbili ikigonga magari 1,000 bado yako kwenye foleni, na dereva wa mwisho anasubiri dakika 10 zaidi. Sasa ongeza njia ya nne. Uwezo unapanda hadi magari 8,000 na foleni inakwisha. Kwenye makaratasi kazi imekamilika.

Tatizo ni kwamba yale magari 7,000 hayakuwa watu wote waliotaka kupita pale saa ile. Wako waliokuwa wakiondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili kuikwepa foleni, na sasa wanalala hadi saa kumi na mbili. Wako waliokuwa wakipita barabara za mitaani. Wako waliokuwa wakiacha gari nyumbani na kupanda basi. Tuseme makundi haya matatu kwa jumla yanaleta magari 2,000 zaidi kwenye saa ile moja. Yanafika 9,000, yanapita 8,000, na foleni ni ya magari 1,000 kama zamani. Dereva wa mwisho sasa anasubiri dakika 7 na nusu badala ya 10. Mabilioni yametumika, nyumba zimebomolewa, naye ameokoa dakika 2 na nusu.

Mchumi wa Marekani Anthony Downs aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1962: watu hubadili barabara wanayopita, hubadili saa, na hubadili chombo cha usafiri. Yote matatu yanatokea upesi, wakati mwingine ndani ya wiki chache, kwa sababu hayamgharimu mtu sana. Lakini kuna badiliko la nne, la polepole, ambalo ndilo zito kuliko yote. Watu huhamia mbali zaidi na mji. Kiwanja kilichokuwa saa moja na nusu kutoka kazini kikiwa dakika arobaini, kinanunuliwa. Wenye nyumba wanajenga, shule zinafuata, maduka yanafuata, na baada ya miaka mitano hadi kumi kuna maelfu ya familia ambazo maisha yao yamepangwa kwa kutegemea barabara ile ibaki tupu. Haitabaki tupu, na hao si madereva wanaoweza kurudi kwenye njia yao ya zamani. Njia ya zamani hawana.

Barabara ya Thika jijini Nairobi ni mfano ulio wazi. Ilipozinduliwa Novemba 2012 ilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, njia hadi nane, barabara za huduma pembeni na madaraja ya juu yaliyochukua nafasi ya mizunguko iliyokuwa ikikwamisha magari kwa saa nyingi. Ilileta nafuu ya kweli, na kukanusha hilo si haki. Lakini magorofa ya kupangisha yaliongezeka kwa kasi kuanzia Kasarani na Kahawa hadi Ruiru na Juja. Sensa ya 2009 iliihesabia Ruiru watu takriban 240,000. Ile ya 2019 ilipata takriban 490,000. Barabara si sababu pekee, maana Nairobi nzima ilikuwa inakua na mji wa Ruiru ulishaanza kupanuka kabla. Hata hivyo, huwezi kuyaeleza makazi hayo bila kuitaja. Na ilipofunguliwa haikuwa na njia maalumu ya mabasi, kwa hiyo matatu yenye abiria 33 ilisimama kwenye foleni ileile na gari lenye mtu mmoja.

Thika inafundisha jambo la pili, ambalo wapangaji hulisahau mara kwa mara: barabara haipitishi zaidi ya kile ambacho mwisho wake unaweza kupokea. Njia inayofika kwenye taa haipitishi tena magari 2,000. Taa ikiwa ya kijani, njia moja hupitisha kwa kiwango cha magari 1,800 kwa saa. Lakini ikiwa kijani kinawaka asilimia 40 tu ya muda, yanayopita ni 720. Makutano yenye njia tatu basi hupokea magari 2,160 kwa saa. Ukimwaga pale magari 8,000 kutoka kwenye barabara ya njia nne, umepeleka foleni mbele tu, tena umeifikisha mapema zaidi asubuhi. Ndiyo maana msafiri wa Thika anaweza kukimbia vizuri kutoka Ruiru kisha akakwama anapokaribia Muthaiga, Pangani na Ngara. Kwa Dar es Salaam, swali hilohilo linaihusu barabara ya Morogoro, ambako kilomita 19.2 kati ya Kimara na Kibaha zilipanuliwa hadi njia nane. Gari likishapita Kimara, bado lina mji wote mbele yake.

Kwa upande wa Marekani mfano unaotajwa zaidi ni Katy Freeway ya Houston, Texas. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2008 kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.8, na ukihesabu na barabara za pembeni kuna sehemu zenye njia 26. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni katika barabara hiyo uliongezeka kwa zaidi ya nusu. Houston ilikuwa inakua kwa kasi, na watetezi wa mradi wanayo haki ya kulisema hilo. Lakini ukuaji huo ulielekea pembezoni kule ambako barabara ilifungua ardhi. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha uchambuzi wa miji mingi ya Marekani, wakaona kwamba kilomita zinazoendeshwa kwenye barabara kuu za ndani ya miji huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zilizoongezwa. Ongeza njia kwa asilimia 10, na baada ya miaka kilomita zinazoendeshwa zinaongezeka kwa karibu asilimia 10. Uingereza, kamati ya ushauri ya serikali ilikuwa imeshakubali mwaka 1994 kwamba barabara mpya huzaa safari mpya, na kwamba makadirio yanayopuuza hilo yanaipa miradi faida isiyokuwepo.

Isieleweke kwamba kupanua ni kosa siku zote. Safari mpya ni faida kwa anayezifanya: mgonjwa anafika hospitali, mfanyabiashara anafika soko la mbali. Kuondoa sehemu moja inayobana, kama daraja la njia mbili katikati ya barabara ya njia nne, kunaweza kuleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Njia ya ziada kwenye mlima ambako malori hupanda polepole inasaidia, vilevile kituo cha basi kinachoingia ndani ili basi lisizibe njia. Barabara ya kati ya mikoa, ambako foleni ya kila siku haipo, ina hesabu tofauti kabisa. Kinachoshindikana ni ahadi moja mahususi: kwamba mji mkubwa unaokua, wenye watu wengi wanaosubiri tu uwezo wa kununua gari, utamaliza foleni ya asubuhi na jioni kwa kuongeza njia za magari binafsi peke yake. Katika miji yetu ahadi hiyo ni dhaifu zaidi, kwa kuwa wasio na gari ndio wengi, na kila mwaka baadhi yao wanalipata.

Linganisha sasa matumizi ya ile njia moja. Magari 2,000 yenye wastani wa watu 1.3 kila moja hubeba watu 2,600 kwa saa. Ukiitenga njia hiyo kwa mabasi, moja likipita kila sekunde 30 na abiria 100 ndani, ni mabasi 120 na watu 12,000. Mwendokasi ya Dar es Salaam, yaani mabasi ya haraka yenye njia zao wenyewe, iliyoanza kazi Mei 2016 kutoka Kimara, imejengwa juu ya hesabu hii. Lakini hesabu inashika pale tu basi linapokuja kweli. Mabasi yakiwa machache au mabovu, watu wanarundikana kituoni, njia iliyotengwa inaonekana tupu, na wenye magari wanaanza kudai wafunguliwe. Vituo navyo viwe na nafasi ya basi la haraka kulipita lililosimama, na tiketi zikatwe kabla ya kupanda. Basi linalosimama dakika nzima kukusanya nauli haliwezi kufuatwa na jingine baada ya sekunde 30.

Njia nyingine ni kutoza. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilijaribu tozo ya kuingia katikati ya mji kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yanayovuka mpaka wa eneo hilo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Tozo ilipositishwa mengi yakarudi, ilipowekwa tena Agosti 2007 yakapungua tena. Kwa Nairobi, barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa Mei 2022, ni jambo jingine: mwenye kulipa anapata njia ya haraka, lakini barabara ya chini haitozwi, hivyo nafasi anayoiacha inajazwa na wengine.

Mradi wa kupanua barabara ukiletwa kwenye mkutano wa wananchi, muulize mhandisi makadirio ya magari yametoka wapi. Kama modeli, yaani hesabu ya kukadiria safari zijazo, imechukulia kwamba idadi ya safari itakuwa ileile barabara ikipanuliwa au isipopanuliwa, dakika zinazotajwa kuokolewa zimekuzwa. Uliza makutano ya mwisho yanapokea magari mangapi kwa saa. Uliza ni watu wangapi watapita, si magari mangapi. Na uliza vipimo vya muda wa safari vitachukuliwa lini: viwe vya mlango hadi mlango, siku za kazi, kabla ya ujenzi, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa, kisha mwaka wa tano. Kipimo cha miezi mitatu baada ya kukata utepe huonyesha barabara kabla majirani wapya hawajahamia.