Ukungu wa Monet haukutoka machoni mwake

Wengi husimulia kwamba mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora London imefifia kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Mtoto wa jicho alikuwa naye kweli, ila madaktari waliugundua ugonjwa huo mwaka 1912. Mfululizo wake wa picha za madaraja ya mto Thames, London, aliuanza mwaka 1899, akiyatazama kutoka hoteli ya Savoy. Utusitusi ule ulikuwepo: moshi wa makaa ya mawe, wa viwandani na majumbani, uliochanganyika na ukungu wa mto. Barua yake ya mwaka 1900 inagusa sana: aliamka akaona anga halina ukungu, akaingiwa na hofu, mpaka mioto ilipowashwa na moshi ukarudi. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha michoro yake na ya mchoraji Mwingereza Turner na makadirio ya gesi ya salfa iliyotolewa hewani enzi zao. Hewa ilipozidi kuchafuka, kingo za vitu pichani zilizidi kufifia.