Meno baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hutoka hospitali na ratiba ya mlo, orodha ya vitamini na tarehe ya kurudi kliniki. Meno mara nyingi hayatajwi. Miezi inapita, kilo zinapungua, halafu siku moja anakunywa maji ya baridi na meno ya mbele yanaingia ganzi. Hapo uharibifu umeshaanza zamani, kwa sababu asidi inapomenya jino mwanzoni haiumi.

Tabaka la nje la jino, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini likishalika halioti tena. Huanza kupoteza madini pale pH ya mdomo, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi huwa kali zaidi, inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Asidi ya mfuko wa chakula huwa na pH ya 1 hadi 2, na kila namba moja inayoshuka kwenye kipimo hicho ni ukali mara 10. Kwa hiyo asidi inayopanda usiku ukiwa umelala, hata kama ni kidogo, si ya kupuuzwa.

Aina ya upasuaji ina maana hapa. Katika ule wa kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, kinachobaki ni mrija mwembamba ambao shinikizo lake la ndani ni kubwa, na asidi hupanda kooni kwa urahisi. Wapo wanaopata kiungulia kwa mara ya kwanza maishani baada ya upasuaji huu. Katika ule wa kuunda kifuko kidogo cha mililita 30 hivi na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, kiungulia kwa kawaida hupungua, lakini mwili hufyonza virutubisho kwa shida zaidi. Kutapika kunaweza kutokea kwa wote wawili, hasa mtu akila haraka au akimeza tonge lisilotafunwa vizuri.

Kosa linaloumiza meno zaidi hufanywa kwa nia njema: mtu anatapika, mdomo unabaki mchungu, anakimbilia mswaki. Wakati huo uso wa enameli umelainika, na mswaki unausugua na kuuondoa. Usipige mswaki. Sukutua kwanza kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya sodiamu katika glasi ya mililita 250, kisha uteme. Ni ule unga mweupe wa kuumulia keki uitwao baking soda, si baking powder, si magadi wala si hamira. Kama huna, maji matupu yanafaa. Subiri walau dakika 30, ikiwezekana saa nzima, mate yapate nafasi ya kurudisha madini kwenye jino, ndipo upige mswaki. Fanya hivyo hivyo baada ya kucheua maji machungu. Na ukiona unatapika mara kwa mara, mrudie daktari aliyekupasua. Kutapika kila wiki si sehemu ya kawaida ya kupona.

Unaweza kujikagua nyumbani. Chukua kioo kidogo na tochi ya simu, fungua mdomo, utazame upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele, ule unaoelekea kaakaa. Asidi itokayo tumboni hupiga hapo kwanza. Ukiona uso umekuwa laini na wa kung'aa kupita kiasi, ncha za meno zinapitisha mwanga kama kioo, au rangi ya manjano ya dentini, tabaka lililo chini ya enameli, inajitokeza, nenda kwa daktari wa meno. Kama una jino lililozibwa, tazama ukingo wa kizibo. Kizibo kikiwa kimesimama juu kama kisiwa, si chenyewe kilichopanda, ni jino linalokizunguka ndilo lililoshuka.

Halafu kuna suala la ratiba. Mfuko mdogo unalazimisha kula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Kila unapokula chenye sukari au wanga, bakteria wa mdomoni hutengeneza asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Milo 6 yenye saa maalumu meno huistahimili. Kinachoyamaliza ni kinywaji cha protini chenye sukari kinachonyonywa funda moja kila dakika 10 asubuhi nzima, kwa sababu meno hayapati hata dakika ya kupumzika. Chagua kisicho na sukari, kinywe katika muda wa mlo, na kati ya mlo na mlo kunywa maji matupu. Maji yenyewe huwa taabu, maana unatakiwa kuyatenganisha na chakula kwa takriban dakika 30. Yakipungua, mate nayo hukauka, na mdomo mkavu hutoboka meno upesi. Tembea na chupa na unywe mafunda madogo siku nzima.

Vitamini nazo zina mtego wake. Zile za kutafuna mithili ya peremende huwa na sukari au asidi na hunasa katikati ya magego. Omba zisizo na sukari, au za kumeza pale daktari atakaporuhusu, na usukutue baada ya kuzitumia. Lakini usiziache kabisa. Upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12 huonekana mdomoni mapema: ulimi mwekundu, laini na wenye kuwasha moto, pembe za midomo zinazopasuka, vidonda vinavyorudi. Kalsiamu na vitamini D vikipungua kwa muda mrefu, mwili huchota kalsiamu kutoka mifupani, na taya linaloshikilia meno ni mfupa. Kalsiamu ya aina ya sitreti hufyonzwa vizuri zaidi hata asidi ya tumbo ikiwa kidogo. Igawe, isizidi miligramu 600 kwa mara moja, na uitenganishe na madini ya chuma kwa saa 2.

Wiki za mwanzo, wakati wa vyakula vya majimaji, wengine huacha mswaki kwa sababu unawatia kichefuchefu. Tumia mswaki laini wa kichwa kidogo, hata wa mtoto, inamisha kichwa mbele na uchague dawa isiyo na ladha kali. Iwe na floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1350 hadi 1500. Tazama nyuma ya bomba. Piga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja iwe kabla ya kulala, na baada ya kutema usisukutue kwa maji.

Anayesubiri upasuaji amwone daktari wa meno mapema ili majino yenye usaha yatibiwe au yang'olewe na fizi zipone kabla. Jino linalocheza linaweza kung'oka wakati mpira wa kupumulia unapopitishwa kooni. Na asiye na magego hawezi kusaga nyama hadi iwe uji, kwa hiyo inakwama na kumtapisha. Mwenye meno bandia ayapeleke yakakazwe kila yanapolegea, kwani ufizi unaoyabeba unaweza kubadilika uzito unapopungua.

Kwenye kiti cha daktari wa meno, taja aina ya upasuaji uliofanyiwa kabla hujaandikiwa dawa yoyote. Baada ya kung'oa jino wengi hupewa aibuprofeni au daiklofenaki, na hasa kwa mwenye kifuko kilichounganishwa na utumbo, dawa hizo zinaweza kuchimba kidonda kwenye kiungio, kivuje damu au hata kitoboke. Omba parasetamoli badala yake. Mweleze hivyo hata muuza dawa, jino litakapokuuma usiku wa manane na ukaenda kununua mwenyewe.